Leseni ya LPN Ninayo: RN Nianze Lini?

Swali: Niko Brooklyn Park, Minnesota. Nilikuja kwa viza ya bahati nasibu, nikiwa tayari na shahada ya biashara ya chuo kikuu cha Kenya. Leseni ya LPN, yaani muuguzi wa ngazi ya chini ya RN, niliipata Juni mwaka huu, na tangu Julai niko makao ya wazee, zamu za usiku, saa 48 kwa wiki, dola 30 kwa saa. Nina watoto wawili, na mdogo wangu nyumbani namlipia karo. Wengine wananiambia nikae miaka miwili kwanza nishike kazi ndipo nisomee RN, muuguzi aliyesajiliwa. Wengine wanasema nikikaa nitazoea hela na darasani sitarudi. Nianze lini?

Jibu: Dada, hao wote wana haki kiasi, kwa sababu umeuliza maswali mawili kwa mpigo. Kuna lini uanze kozi za awali zinazotakiwa kabla ya kupokelewa, na kuna lini uingie programu yenyewe ya kutoka LPN kwenda RN. Kozi za awali anza Januari hii, moja kila muhula. Programu yenyewe iingie siku utakapoweza kushuka hadi saa 24 za kazi kwa wiki na nyumba isiyumbe. Kwa hesabu nitakayokuonyesha, hiyo ni Agosti ya miezi 22 kutoka sasa. Wakati huo utakuwa na miaka miwili kamili ya kazi, kwa hiyo waliokushauri kusubiri watakuwa wamepata walichotaka bila wewe kukaa bure.

Tuanze na sayansi, maana ndiyo inayoshika kalenda. Programu nyingi zitadai Anatomia na Fiziolojia I na II, kila moja krediti 4 (krediti ni kipimo cha uzito wa kozi) pamoja na maabara, halafu Mikrobiolojia. Juu ya hizo kuna saikolojia ya ukuaji wa binadamu, uandishi wa Kiingereza, na mara nyingi takwimu au lishe. Usidhani somo la mwili wa binadamu ulilosoma kwenye LPN litahesabiwa. Kwa kawaida lile ni somo moja fupi linalopita mwili mzima, na vyuo vingi haviliweki badala ya kozi mbili kamili. Mwandikie mshauri wa udahili barua pepe, utaje namba ya kozi kama ilivyo kwenye transkripti yako, naye akujibu kwa maandishi. Jibu la simu halitakusaidia mwakani atakapokuwa amehama.

Anatomia ya II haichukuliwi kabla ya I, na vyuo vingi vinataka umalize zote mbili, au angalau ya kwanza, kabla ya Mikrobiolojia. Ndiyo maana mlolongo huu haubanwi hata ukiwa na pesa zote. Ukianza Januari, Anatomia I inaisha Mei. Kiangazi chukua somo jepesi kama saikolojia au takwimu. Agosti hadi Desemba ni Anatomia II. Januari inayofuata ni Mikrobiolojia, na majira hayohayo ndiyo madirisha mengi ya maombi ya Agosti hufungwa, kati ya Januari na Machi. Uliza kama chuo kinakubali uombe huku kozi ya mwisho ikiendelea. Kisipokubali, mpango wako unasogea mwaka mzima, na ni afadhali ulijue hilo leo.

Kuna wanaojaribu kuiweka Anatomia II kwenye kiangazi cha wiki nane ili waokoe muda. Kozi ya krediti 4 na maabara yake, ukiisoma sawasawa, inakula karibu saa 12 kwa wiki katika muhula wa kawaida. Ukiibana nusu ya muda, ni saa 24. Ziongeze kwenye saa 48 zako za usiku na watoto wawili walio likizo, uone zinabaki ngapi za kulala. Matokeo yake huwa alama ya C, na hapo ndipo mtu anapoharibu jambo asilolijua: vyuo vinakubali C kama kiwango cha chini, lakini nafasi zinagawiwa kwa ushindani, na wanaoingia wana B na A kwenye sayansi. Kurudia kozi nako kuna kikomo. Baadhi ya vyuo vinatambua majaribio mawili tu, na vingine vinahesabu hata kozi uliyojiondoa katikati kuwa jaribio.

Alama za sayansi pia zina tarehe ya kuharibika. Vyuo vingi vinazikubali kwa miaka 5 au 7 tangu ulipomaliza kozi, kisha unarudia. Wanaoumia hapa ni wale waliomaliza sayansi haraka, wakapumzika miaka minne kwa sababu ya mtoto au kiwanja nyumbani, wakarudi na kukuta Anatomia imelala. Kwa mwendo wa kozi moja kila muhula utatumia chini ya miaka miwili ya hiyo mitano, na utabaki na nafasi ya ugonjwa, mimba au msiba.

Kwa kuwa unafanya kazi usiku, tafuta kipindi cha alasiri au jioni. Darasa la saa mbili asubuhi baada ya zamu ya usiku linaonekana rahisi kwenye karatasi kwa sababu "tayari niko macho". Kufikia wiki ya tano unalala mbele ya mfano wa mifupa. Kama utasoma kwa mtandao, hakikisha kwanza kwamba chuo unachokilenga kinapokea maabara ya mtandaoni, kwani kuna visivyopokea.

Sasa hiyo shahada ya biashara. Ina faida mbili na hasara moja, na hasara ndiyo huwashangaza watu. Ruzuku ya Pell, ule msaada wa masomo wa serikali usiorudishwa, hutaipata: sheria inawapa wasio na shahada ya kwanza tu, na shahada ya nje inahesabiwa. Kwenye FAFSA, fomu ya kuombea msaada huo na mikopo ya serikali, utaulizwa, na jibu ni ndiyo. Usimsikilize anayekuambia uifiche kwa kuwa "ni ya Kenya, hawaijui", maana huo ni udanganyifu dhidi ya serikali ya shirikisho, na bodi ya uuguzi inachunguza mwenendo wa mtu kabla ya kumpa leseni. Mikopo ya shirikisho bado unastahili, ila lazima uwe na angalau krediti 6 kwa muhula. Kwa kozi moja ya krediti 4 hupati hata mkopo.

Kwa hiyo miezi hii 22 utailipia mfukoni au kupitia mwajiri. Katika vyuo vya jamii vya serikali hapo Minnesota, kozi ya krediti 4 ni kama dola 900 hivi, na vitabu juu yake. Muulize afisa wa rasilimali watu kama kuna mpango wa kulipia masomo. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri akulipie hadi dola 5,250 kwa mwaka bila pesa hizo kuhesabiwa kuwa mshahara wako. Utakachojilipia mwenyewe kipeleke kwenye marejesho ya kodi kwa fomu 1098-T utakayopewa na chuo. Kuna punguzo la asilimia 20 ya karo, ambalo halijali kama unasoma kozi moja au tano, na halijali kama una shahada.

Faida ya kwanza ya shahada ni kwamba masomo ya jumla huenda ukayaruka. Utahitaji tathmini ya kozi kwa kozi kutoka shirika linalolinganisha masomo ya nje na ya Marekani, kama WES au ECE, na chuo chako cha Kenya ndicho kinachotakiwa kutuma transkripti moja kwa moja. Hilo hukwama kuliko jambo lingine lolote kwenye safari hii. Mtafute ndugu aliye karibu na chuo afuatilie ofisi ya msajili kwa miguu, na aanze sasa, usingoje mwezi wa maombi. Usitegemee kwamba somo la uandishi la Kenya litapokelewa. Mara nyingi utaambiwa ulirudie, na si hasara, kwa sababu ukiwa na kozi hiyo ya Marekani vyuo vingi vitakusamehe mtihani wa Kiingereza.

Faida ya pili ni kwamba mlango wa shahada ya haraka ya uuguzi uko wazi kwako, ule wa miezi 12 hadi 18 kwa wenye shahada nyingine. Watu watakusukuma huko. Mimi sikushauri. Programu hizo ni za kutwa nzima, kazi karibu haiwezekani, ada zake huwa juu sana hasa vyuo binafsi, na leseni yako ya LPN haikupunguzii kitu: utakaa ufundishwe kupima presha kama mgeni. Zinamfaa mtu ambaye mwenzake analipa nyumba. Wewe pita chuo cha jamii upate shahada ya miaka miwili ya uuguzi, ufanye mtihani wa RN, uajiriwe, kisha umalizie shahada kamili kwa mtandao. Hatua hiyo ya mwisho huchukua kama mwaka mmoja hadi mmoja na nusu huku ukifanya kazi, na hospitali nyingi zinasaidia kulipia. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2017 inayomtaka RN awe na shahada kamili ndani ya miaka 10. Minnesota si New York, lakini hospitali kubwa za mijini zinapendelea walio nayo, kwa hiyo usiache njiani.

Kuhusu uzoefu. Miezi sita ya kwanza ya LPN ina thamani kubwa, na ndiyo sababu nimesema Januari badala ya jana. Unajifunza kugawa dawa za wagonjwa 25 bila kutetemeka, kumtambua mzee aliyebadilika kabla vipimo havijabadilika, kumpigia daktari saa tisa usiku na kusema jambo kwa sentensi tatu. Baadhi ya programu zinadai miezi sita au mwaka wa kazi, au idadi fulani ya saa, kabla hujaomba, kwa hiyo tunza hati zako za malipo. Baada ya mwaka wa pili pahali palepale, hata hivyo, kazi inakufundisha kidogo sana cha RN, na wakati mwingine inakurudisha nyuma.

Chukua mfano huu. Mama wa miaka 79 ana moyo uliochoka, anatumia furosemide, dawa ya kupunguza maji mwilini, na digoxin 0.125 mg, dawa ya moyo, inatakiwa apewe asubuhi. Anasema hana hamu ya kula, anaona taa zimezungukwa na umanjano. Mapigo ni 54. Maabara imeleta potasiamu 2.9, iliyo chini mno. LPN mzuri anashika dawa mkononi, anaona kuna tatizo, anamwita RN. Amefanya sawa kabisa. Kwenye mtihani wa RN, huyo anayeitwa ni wewe. Unatakiwa ujue kwamba furosemide ndiyo iliyoteremsha potasiamu, kwamba potasiamu ikishuka digoxin inageuka sumu hata kwa dozi ileile ya kila siku, na kwamba umanjano machoni ni dalili yake. Kwa hiyo unazuia dawa zote mbili, unahesabu mapigo ya kifuani kwa dakika nzima, unamuunganisha na mashine ya kusoma moyo, unampigia daktari ukitarajia kipimo cha digoxin na agizo la potasiamu. Kisha unaamua nani kati ya wagonjwa wako wengine anaweza kusubiri na nani umpe LPN. Tangu Aprili 2023 NCLEX, ndio huo mtihani wa leseni, una visa vya namna hii, vyenye maswali yanayofuatana juu ya mgonjwa mmoja. LPN wa miaka mingi wanaanguka kwa kujibu "mjulishe muuguzi", au kwa kujibu vile wanavyofanya kwenye jengo lao. Ukikaa miaka minane, tabia hiyo inakuwa ngumu kuivua. Miaka miwili haijakomaa bado.

Tuje kwenye saa, hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Programu ikianza, weka saa 8 za darasa kwa wiki, 14 za wodini, 20 za kujisomea. Hizo ni 42 kabla hujaenda kazini. Ukiongeza saa 24 za kazi unafika 66, na mtu anaweza kuishi hivyo mihula mitatu. Ukishikilia 48 unafika 90. Alama ya kufaulu kwenye masomo ya uuguzi kwa kawaida ni 75 hadi 78 kwa mia na haipandishwi: 77.6 ni kuanguka pale kiwango kinapokuwa 78. Ukianguka kozi mbili unaondolewa, na chuo kingine kitataka barua ya kuonyesha uliondoka kwa heshima. Kuna pia mtihani wa hesabu za dozi unaotaka 90 au zaidi. Vyuo vingine vinakataza kabisa kufanya zamu ya usiku wa kuamkia siku ya wodi, na wakikugundua wanakurudisha nyumbani na kuandika umekosa.

Hesabu ya pesa iko hivi. Saa 48 zinakupa dola 1,560 kwa wiki kabla ya makato, ukiweka zile 8 za ovataimu kwa 45. Saa 24 ni 720. Unapoteza 840 kila wiki. Kwa mihula mitatu ya wiki 16 hiyo ni 40,320. Karo ya programu nzima kwenye chuo cha jamii haitafika robo ya hapo. Gharama kubwa ya RN, basi, ni ovataimu utakayoiacha, na watu huipigia hesabu wakiwa wamekwisha kuingia. Upande wa pili, takwimu za serikali za Mei 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa LPN ni dola 62,340 kwa mwaka na wa RN 93,600. Wewe utaanza chini ya wa kati, kwa hiyo chukua tofauti ya dola 12 tu kwa saa: ni kama 25,000 kwa mwaka. Ukijumlisha karo na mapato yaliyopotea, unarudisha gharama zote kwa miaka miwili hivi ya kazi.

Kabla ya kuingia, weka akiba ya pengo la muhula mmoja, kama dola 10,000 baada ya kodi. Kwa miezi 22 hiyo ni karibu 450 kwa mwezi. Na ujipime: kwa miezi miwili mfululizo fanya saa zako 48 lakini ishi kwa mshahara wa saa 24, nyingine yote iende benki. Nyumba ikishindwa kwenye jaribio, ingeshindwa na kwenye muhula, na hapa hujapoteza kitu. Mwambie na mdogo wako mapema ni muhula gani wa karo utakuwa mgumu, ajiandikishe mkopo wa elimu huko. Simu ya "tuma haraka" ikija wiki ya mitihani, inakula saa kama inavyokula pesa.

Kitu kimoja kinachosahaulika ni bima ya afya. Sheria ya shirikisho inawabana waajiri wakubwa kwa wafanyakazi wa saa 30 na kuendelea tu. Ukishuka hadi 24 unaweza kuipoteza, wewe na watoto. Baadhi ya waajiri wanatoa bima kuanzia nusu ya ajira, na makao mengine yana mpango wa wikendi wa zamu mbili za saa 12 unaolipwa kama saa 30 au 36. Ukiupata huo, ng'ang'ania. Usipoupata, angalia MinnesotaCare, bima ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, kwa sababu kipato chako kitakuwa kimeshuka.

Katika kuchagua chuo, tazama mambo mawili. Kwanza, kiwe kimeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo na kiwe na ithibati ya ACEN au CNEA, mashirika yanayokagua ubora wa programu za uuguzi. Bila ithibati, vyuo vingi vya shahada vitakukataa baadaye. Pili, asilimia ya wanafunzi wanaofaulu NCLEX mara ya kwanza, ambayo bodi huitangaza. Tazama miaka mitatu mfululizo, si mmoja. Anayekuuzia diploma ya haraka bila wodi, mkimbie hata kama ni mtu wa kanisa lenu. Januari 2023 serikali ya shirikisho ilitangaza kesi ya diploma zaidi ya 7,600 zilizouzwa na vyuo vitatu vya Florida, na bodi za majimbo zikaanza kuwafuata waliozinunua na kuwanyang'anya leseni.

Subiri zaidi ya ratiba hii iwapo Anatomia I imekupa chini ya B hata ukiwa na kozi moja tu, iwapo una deni la kadi la riba kubwa, au iwapo una mimba ambayo itaangukia katikati ya muhula wa wodi. Harakisha kama makao yako yameanza kupunguza LPN au mgongo umeanza kulia.

Na kama mwajiri amekuwekea mezani bonasi ya kusaini, soma kwanza mkataba unasema ubaki kwa muda gani na kwa saa ngapi kwa wiki. Mikataba mingi inadai ubaki ajira kamili kwa miaka miwili. Ukishuka hadi saa 24 kabla ya hapo, unairudisha. Ukisaini leo kwa miaka miwili, itaisha mwezi mmoja au miwili baada ya Agosti yako, kwa hiyo omba miezi 18, au iache.